Mtoto Ndani ya Beseni

Zélie Courtin alikuwa mfua nguo mwenzangu hapa Paris. Mwaka ule wa 1848, mfalme alipokimbia mapinduzi, alianza kwenda klabu ya siasa ya wanawake. Alisema wanaume wameshasema yao, sasa zamu yetu.

Juu ya chumba chake alipanga Ribot, mchora vibonzo. Mashati yake aliyafua Zélie.

Asubuhi moja tulikuta watu wamejazana dirishani pa duka la picha, wanacheka hadi machozi. Tukajipenyeza. Kwenye karatasi alikuwapo Zélie, pua yake ile ile iliyopinda, kachorewa masharubu, anahutubia wanawake na kiko cha tumbaku mdomoni. Nyuma yake mtoto kazama kichwa chini ndani ya beseni la kufulia, miguu juu.

Damu ilinichemka. Mwanawe Zélie, Lucien, alikufa kwa homa majira ya baridi yaliyopita, na Ribot huyo huyo alisaidia kubeba jeneza.

Tulimkuta ngazini. Akasema si Zélie yule, ni mwanamke yeyote wa klabu, na watu wenye njaa wanahitaji kucheka.

"Mwanangu ulimbeba begani, Bwana Ribot."

"Mzaha tu, mama. Usiutie moyoni."

"Zamani ulimchora mfalme, tukakupenda. Leo umeishiwa wakubwa?"

Ribot akatabasamu, akapanda zake chumbani.

Zélie alichukua gongo lake la kupigia nguo, akarudi dukani, akavunja kioo. Aliichana ile picha mbele ya wote waliokuwa wakicheka, na hakuna aliyethubutu kumgusa mpaka askari walipofika. Walimfunga. Mwenye duka akaweka kioo kipya na kutundika nakala tatu za picha ile ile kwa mpigo, na watu wakaongezeka.

Sisi wafua nguo tukagoma. Kando yote ya mto tulikofulia haukupatikana mkono wa kufua shati la Ribot. Alitembea na kola nyeusi kama sufuria, mwishowe akahama mtaa. Lakini picha hazikuhama.

Zélie alipotoka gerezani, kakonda, nilimweleza kwamba serikali imeshapiga marufuku: mwanamke haruhusiwi tena klabuni.

"Na nyinyi mlikubali?" akaniuliza.

Nikamwambia tulikuwa hatuna pa kukutana.

"Waambie waje kwangu," alisema. "Jumapili. Na asiyetaka kukasirika abaki kwake."