Mate na Pamba

Dobi hakuwa mtu wa makumbusho. Kazi yake ilikuwa madoa: wino, mafuta, damu, jasho la kwapa. Mteja akimletea shati na kumwambia limeshindikana, ndipo mikono inapomwasha. Lakini tangu baba yake alazwe kwa upasuaji wa mtoto wa jicho, nyumba ilikuwa imepoa na simu ndiyo ikawa mwenzake. Katika kuperuzi huku na kule akaiangukia tovuti ya jumba moja kubwa la makumbusho lililokuwa likifundisha bure, kwa video, historia ya picha za kale na namna ya kuzitunza.

Alianza kwa kupoteza muda, akanogewa. Aliyemteka zaidi ni mhifadhi mmoja, mama mwenye miwani na koti jeupe, aliyekuwa akisafisha picha iliyoingia weusi. Alikuwa anachukua kijiti chenye pamba, anakilowesha mdomoni, anakizungusha polepole juu ya picha, na uso wa mtu aliyekufa zamani unajitokeza.

"Mate?" shangazi yake aliyekuja kumjulia hali alishangaa. "Jumba lote lile, na mali zote zile, wanatia mate?"

"Mate yana dawa yake, Shangazi. Yanakula uchafu, rangi yanaiacha."

"Haya. Ukihitimu uje unipake na mimi, huenda usichana ukarudi."

Walicheka mpaka shangazi akashika mbavu. Lakini macho ya Dobi yalikuwa yameshahamia ukutani, kwenye picha ya mama yake.

Ilikuwa ndiyo picha pekee. Mama alifariki Dobi akiwa mdogo sana, na hakukumbuka chochote, hata sauti. Kwake yeye, mama alikuwa ni picha ile: mashavu yamejaa, shingo ina mikunjo, ngozi laini. Ilikuwa kazi ya mkono wa baba, ambaye maisha yake yote alichora mabango ya maduka. Sasa moshi wa jikoni ulikuwa umeifunika, na baba mwenyewe kwa miaka alikuwa haoni vizuri. Akipita anaipapasa fremu tu. Dobi akaamua kwamba baba akirudi na macho yake, kitu cha kwanza kukiona ndani ya nyumba kiwe mke wake, safi.

Mhifadhi alikuwa amesisitiza kujaribu kwanza pembeni, naye akajaribu. Masizi yakatoka, rangi ikabaki imara. Moyo ukamtulia, akaingia shavuni. Pamba ikatoka na kahawia nzito.

"Njoo, uchafu, njoo," alisema kwa furaha. Kwa dobi, kinachotoka ni uchafu na kinachobaki ni nguo. Yule mama wa makumbusho angesimama palepale. Dobi alibadilisha pamba.

Aliposhtuka, shavu lote lilikuwa limekwenda. Chini yake palikuwa na shavu jingine, limebonyea, mfupa umetokeza, na juu yake jicho kubwa kuliko uso. Alijaribu kujiambia ni kivuli. Hakikuwa kivuli. Aliweka kijiti chini, na picha hakuigusa tena.

Baba alirudi akiona mpaka nyufa za sakafuni. Dobi alikuwa amejipanga kumweleza taratibu, lakini mzee alikwenda moja kwa moja ukutani.

"Nani kamgusa?"

"Mimi, Baba. Nilidhani ni uchafu. Nisamehe."

Hakukasirika, na heri angekasirika. Alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa picha.

"Huyu nilimchora kitandani, mgonjwa, akiwa bado hai," alisema. "Kwa rangi ya mafuta, mwenyewe alitaka. Alipofariki nikamnenepesha. Nilitumia rangi ya maji juu yake, maana nilitaka ikauke kabla hujaamka."

"Kwa nini, Baba?"

"Ulikuwa unamwogopa."

"Mimi? Namwogopa mama?"

"Ulikuwa mtoto. Choo kilikuwa uani, na njia ni chumbani kwake. Ukifika mlangoni ukimwona unapiga kelele, hupiti. Unajikojolea palepale."

Dobi alitafuta kichwani mlango ule, kitanda kile. Hakupata kitu.

"Yeye alisemaje?"

Baba alifuta jicho ambalo daktari alikataza lisiguswe.

"Aliniambia nimgeuzie kitanda aelekee ukutani, ili mtoto apite. Akawa hivyo, anakusikiliza ukipita, mpaka alipokata roho."

Dobi akasogea, akasimama bega kwa bega na baba yake, akamtazama mama machoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akamlilia, kama mtu aliyefiwa leo.