Chupa Iliyochafuka Siku ya Nne

Shangazi yake ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na ndiye aliyemfundisha kushika darubini. Kwa hiyo alipoajiriwa kwenye maabara ya maji, mkuu wake akiwa shangazi yuleyule, aliiona kama chumba kingine tu cha nyumbani.

Kilichomkosesha raha ni maji ya tangi la wodi ya wazazi. Vichanga walikuwa wakiharisha, lakini kila alipoyapima kwenye visahani vya kuoteshea bakteria, hakikuota kitu. Akayatia rangi inayoonyesha walio hai, akachungulia kwa darubini: bakteria tele, wazima, wanang'aa kijani. Dawa ya maji ilikuwa imewalaza tu, haikuwaua, na waliolala hawaoti.

Wiki tano alihangaika kuwaamsha, mpaka wenzake wakambandika jina la Jogoo. Mwishowe alichukua supu walimokulia bakteria wa aina hiyohiyo, akaichuja asibaki hata mmoja, akawanywesha wale waliolala chupani yale majimaji ya ndugu zao. Siku ya nne chupa ikachafuka: wameamka. Visahani navyo vikajaa madoa.

Alimkimbilia shangazi mbio. Shangazi akamkumbatia.

"Umenitoa kimasomaso, mwanangu. Niachie, hospitali nitawaeleza mwenyewe."

Jumatatu muuguzi mkuu wa wodi ile alipita kushukuru. Mkononi ana cheti: maji ni salama. Chini, palipoandikwa mpimaji, jina la Jogoo mwenyewe.

Akaenda kufungua kabati la joto alimoweka chupa zake. Tupu.

"Shangazi, chupa zangu ziko wapi?"

"Nimezichemsha." Hakuinua macho. "Tangi lile nililipitisha mimi. Unataka nichekwe? Wadudu walikuwa wamelala zao, wewe ukawaamsha. Nani alikutuma?"

"Na matumboni mwa vichanga, namo niliwaamsha mimi?"

Shangazi akaendelea kuandika.

"Ungeniambia ninyamaze, tungegombana yakaisha. Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, shangazi, halafu ukaweka jina langu!"

Alimwahi muuguzi mkuu getini, akamweleza yote.

"Una karatasi yoyote?"

"Sina. Lakini cheti hicho sikukiandika mimi."

Muuguzi akapiga simu tangi lifungwe.

Jioni Jogoo alirudi nyumbani kwa shangazi kufungasha nguo. Chakula chake kilikuwa mezani, kimefunikwa, bado cha moto. Alikifunua, akakifunika tena. Kisha akabeba begi lake akatoka.