Unyevu wa Zahanati ya Rusengezi

Saa moja ya asubuhi, baada ya kengele ya kwenda shamba la kijiji, Mwanaima binti Assani alifungua kufuli la zahanati, akavua kandambili mlangoni na kuingia kukagua bangi.

Ilikuwa ndani ya mitungi kumi na mmoja, iliyopangwa ukutani mahali palipokusudiwa vitanda vya wazazi. Alifunua mtungi wa kwanza, akatoa msokoto mmoja na kuubinya taratibu karibu na sikio. Msokoto ukilia kama jani la kiangazi, umekauka. Utawaka mbio na kukwaruza koo. Ukibonyea na kubaki hivyo hivyo, umelowa. Kesho kutwa utaota ukungu mweupe. Unaotakiwa ni ule unaobonyea kimya, kisha ukarudi ulivyokuwa. Huo huungua polepole na moshi wake ni laini. Hayo alifundishwa na marehemu baba yake, aliyeuza tumbaku Ujiji miaka arobaini, na hakuwahi kuota kwamba elimu yake ingefika huku.

Kazi yote ilikuwa kwenye kisahani. Ndani ya kila mtungi, chini kabisa, kilikaa kisahani cha chumvi ya Uvinza iliyotiwa maji mpaka ikawa kama uji mzito. Juu yake vijiti, juu ya vijiti misokoto, na mdomo wa mtungi ukafungwa kwa jani la mgomba. Hewa ya mtungini ikikauka, chumvi hutoa maji. Ikilowa mno, chumvi huyanywa.

Zahanati hiyo waliijenga watu wa Rusengezi wenyewe, mwaka walipohamishwa kutoka kando ya ziwa na kuletwa huku juu, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Mwandiga. Walifyatua matofali, wakabeba mawe, wakapiga sakafu. Lilikuwa jengo pekee lenye saruji na bati, na madirisha yake yalifungika vizuri. Kwa hiyo mwaka wa 1975, mgambo walipong'oa bangi ya wakulima mabondeni, Bwana Leodgar, katibu wa kijiji, aliona hakuna mahali bora zaidi. Magunia mawili yaliteketezwa hadharani, watu wakapiga makofi. Wakulima wenyewe walipelekwa mjini kufungwa. Magunia tisa yaliingia zahanati kwa jina la kielelezo, na karatasi za mifuko ya saruji zilizobaki kwenye ujenzi zikakatwa vipande vya kusokotea. Sanduku la dawa lililokuwa limeletwa lilirudishwa, kwa kuwa hapakuwa na pa kuliweka.

"Wewe ni binti wa mtu wa tumbaku," Leodgar alimwambia Mwanaima. "Wageni wetu wa mjini hawawezi kupewa kitu kinachokohoza. Kazi hii itakutoa shambani."

Mwanaima alikuwa amechoka na jembe. Alikubali.

Mwezi wa Juni alifariki Mzee Lukas, mtu wa makamo aliyekuwa fundi wa nyavu zamani. Mjane wake na binti zake walikaa mkekani vinywa wazi, sauti ikitoka vizuri, lakini mashavu yao yalikuwa makavu. Walipangusa macho kwa mazoea, kanga zikabaki kavu vilevile. Asubuhi iliyofuata Mwanaima alikuta visahani vyote kumi na kimoja vimejaa maji hadi ukingoni, ingawa hakuwa ameviongezea. Alipunguza kidogo kwa kijiko. Misokoto ya juma hilo ilikuwa mizuri kuliko yote aliyowahi kutunza.

Alipofariki mtu wa pili mambo yakawa hayo hayo, na wa tatu pia. Ikawa watu wa Rusengezi wanakwenda msibani wakijua hawatapata machozi, kama walivyokwenda kisimani wakijua maji yatakuwa na tope. Leodgar alikuwa mtu wa kufuatilia kazi. Siku moja alichungulia mtungini, akaona kisahani kimefurika, akauliza bila kugeuka, "Nani amefariki?"

"Shangazi yake Faustini wa mgambo," Mwanaima alijibu.

"Poleni," alisema Leodgar, akachukua misokoto sita.

Agosti, Marcelina, jirani wa Mwanaima, alikuja zahanati asubuhi na mapema, binti yake Agnesi amemfunga mgongoni. Mtoto alikuwa na miaka minne. Alikuwa ameharisha siku mbili na sasa kichwa chake kilining'inia pembeni.

"Mwakeye, dada," Marcelina alisalimia kwa Kiha. "Nitazamie kama kuna chochote humo."

"Hakuna dawa, Mama Agnesi. Unajua kilichomo."

"Basi mwache alale ndani kwenye ubaridi, mpaka baba yake aazime baiskeli ya kumpeleka kwa daktari Mwandiga. Jua limeanza kuwa kali."

Mwanaima alisimama katikati ya mlango. Alikuwa na kipande cha jani la mgomba mkononi.

"Katibu amekataza," alisema. "Harufu ya mgonjwa inaingia kwenye misokoto."

Aliisikia sauti yake ikiyasema. Marcelina alimtazama, si kwa hasira, akaenda kukaa chini ya ukingo wa bati, palipokuwa na kivuli chembamba kama upana wa kanga, akamwegemeza mtoto ukutani. Baiskeli ilikuja saa nne. Walimfunga Agnesi kwenye kiti cha nyuma kwa shuka, baba akisukuma, mama akishikilia. Walirudi adhuhuri kwa njia ileile. Hawakuwa wamefika Mwandiga.

Marcelina alikaa siku tatu bila machozi. Siku ya tatu alianza kujikuna kope mpaka zikavimba, akiwaambia waliokuja kumpa pole kwamba mna mchanga ndani, wamtolee. Hapakuwa na mchanga.

Jumamosi walikuja wageni wanne kutoka mjini kwa Landrova. Walitembezwa shamba la mihogo, wakasifu, kisha wakaketi kwenye baraza ya zahanati, migongo yao ikiegemea ukuta ambao Agnesi aliegemezwa. Mwanaima aliwapelekea misokoto kwenye sinia iliyotandikwa kitambaa cheupe. Walivuta. Hakuna aliyekohoa.

"Hii haisugui kabisa," alisema mmoja, mtu mnene mwenye kalamu tatu mfukoni. Alilamba midomo. "Inaacha chumvi kwa mbali. Nzuri sana. Mnafanyaje?"

"Tuna mtaalamu," Leodgar alisema, akamwonyesha Mwanaima kwa kidevu.

Mgeni alilamba midomo tena, taratibu, ulimi ukipita kila pembe, akasema naomba mwingine. Mwanaima aliweka sinia chini, akaenda nyuma ya jengo, akatapika chai yote ya asubuhi. Akajifuta kwa ukingo wa kanga. Kanga ilinuka bangi. Mikono ilinuka, na alipozinusa nywele zake zilizochomoza kwenye ushungi, nazo zilinuka. Akatapika tena, safari hii maji ya njano matupu.

Landrova ilipoondoka aliingia ndani, akachovya kidole katika kisahani cha kwanza, akaonja. Haikuwa chumvi ya Uvinza. Chumvi ya Uvinza aliijua tangu utotoni. Hii ilikuwa na uvuguvugu. Alimimina visahani vyote kwenye bakuli la bati, akalifunika, akaenda nalo kwa Marcelina mchana kweupe, akipita mbele ya ofisi.

"Nimekuletea," alisema.

Marcelina alichovya vidole viwili, akavigusisha ulimini. "Ni yangu," alisema, kama mtu aliyerudishiwa sufuria. Alikinga viganja, akateka, akajitia machoni. Maji yaliingia yote, hayakudondoka hata tone, na baada ya muda kidogo yakaanza kutoka. Alilia mpaka adhana ya alasiri iliposikika kutoka upande wa chini wa kijiji. Majirani walisikia, wakaja, wakakaa naye kama inavyopasa. Mwanaima alitaka kumshika mkono, akakumbuka harufu, akauficha wake chini ya kanga.

"Ulinizuia mlangoni," Marcelina alisema mwishoni.

"Nilikuzuia."

"Basi nenda nyumbani, dada."

Jumatatu misokoto yote ililia sikioni. Leodgar hakupandisha sauti. Alikaa kwenye kigoda, daftari mapajani.

"Mwanaima, yale maji umeyapeleka wapi?"

"Kwa mwenyewe."

"Mwenyewe ni kijiji," Leodgar alisema. "Zahanati ni ya kijiji, mitungi ni ya kijiji, na kinachoingia mitungini ni cha kijiji. Mali ya wote haigawiwi mtu mmoja mmoja. Ungeelimika kidogo ungeona aibu."

"Naona aibu," alisema Mwanaima. "Mtoto angelazwa humu."

"Zahanati haina dawa. Angelazwa afanyiwe nini?"

 Mwanaima alitoa ufunguo, akauweka juu ya daftari. Kazi akapewa Faustini wa mgambo, ambaye alikuwa na mikono mizito lakini hakuwa na maneno mengi.

Mkutano wa kijiji ulifanyika siku kumi baadaye. Suala la machozi lilijadiliwa kabla ya lile la mbegu. Ilikubaliwa kwamba kila mfiwa apewe siku tatu asiende shambani, na kwamba jina la marehemu lipelekwe kwa Faustini kabla ya maziko ili apunguze maji ya visahani mapema. Mtu mmoja aliuliza kama sanduku la dawa linaweza kuombwa tena. Katibu alimshukuru kwa swali. Alieleza kwamba wageni wameridhika sana na Rusengezi, na wameahidi mifuko mia mbili ya saruji kwa ajili ya jengo la pili, kubwa zaidi. Chumba kimoja humo kingeweza kufikiriwa baadaye kwa ajili ya akina mama.

Watu wakapiga makofi. Baba yake Agnesi naye alipiga, mara mbili, kisha akaiangalia mikono yake.

Wiki iliyofuata Leodgar alipima uwanja kwa kamba. Wanaume walichimba udongo, wanawake walijipanga kubeba. Marcelina alikuwa mbele, Mwanaima nyuma yake watu watatu. Faustini aliita majina kwa orodha. Alipofika kwa Mwanaima binti Assani aliita mara moja tu, na Mwanaima akaitika, akainamisha shingo ili atwikwe karai.