Kosa la Draiva

Kompyuta ililetwa imefungwa ndani ya shuka jekundu, kama mtoto mgonjwa anayepelekwa zahanati. Naserian aliipakata kutoka Arash mpaka Karatu. Binti yake Resiato alipotaka kumpokea njiani, hata kidogo tu apumzishe mikono, alikataa katakata.

Ilikuwa kompyuta ya mwanawe, Lekoko, dereva wa watalii. Kabla gari halijapinduka naye kwenye ukungu wa ukingo wa kreta, alikuwa amejirekodi video, akinuia kuja nayo likizo amwonyeshe mama yake. Likizo haikufika. Kompyuta ndiyo iliyofika, pamoja na viatu na fulana zake. Naserian hakuwa na sauti nyingine ya mwanawe duniani, na hii moja ilikuwa inakoroma. Picha ilikuwa safi, meno yale yale yenye mwanya. Lakini Lekoko akifungua mdomo ilikuwa mikwaruzo mitupu, maneno yamekatika vipande, mpaka unatamani kuizaba mashine kofi. Naserian alishaizaba, tena mara nyingi. Haikusaidia.

Neno la mwanzo kabisa hakuwahi kulishika. Baada ya neno hilo Lekoko alinyamaza, akatazama mbele akitabasamu, ndipo akaendelea na mikwaruzo yake.

"Hapo alisahau la kusema," Naserian alizoea kumwambia Resiato, na kila mara alimwonea huruma.

Fundi Kornelio alikuwa na kibanda nyuma ya soko. Ni Mwiraqw mchangamfu, mdomo wake haupumziki.

"Shikamoo, mama. Karibu. Tulia tu, tutamsikia."

Akafungua video ya kwaya kupima sauti, nayo ikakoroma. Akachomeka hedifoni, akasikiliza. Mkoromo ule ule. Akazima vikorombwezo vyote vya kuongeza besi, bado. Mwishowe akaegemea kiti, ameridhika na nafsi yake.

"Spika ni nzima," alisema. "Kosa ni la draiva."

Naserian akasimama. Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani, cha kuuzia mbuzi, lakini maneno hayo aliyajua vizuri mno. Ndiyo waliyosema wenye gari walipoleta jeneza: kosa ni la dereva. Walisema mbele ya wazee, mbele ya kaburi ambalo halijafukiwa, halafu wakapanda gari lao wakaondoka. Breki ambazo Lekoko alizilalamikia wiki nzima hazikutajwa na mtu.

"Mwanangu hana kosa!" alifoka. "Aliwaambia breki! Aliwaambia! Leo hata wewe, hukumjua, unasema dereva?"

Akaanza kuifunga kompyuta kwenye shuka.

"Yeyo," Resiato akamshika bega, "mama yangu, si dereva wa gari. Anasema kitu cha ndani ya kompyuta."

Kornelio alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Nisamehe, mama. Draiva ni programu, ndiyo inayoendesha sauti. Hii imeharibika, naitoa naweka mpya. Mwanao simsemi kwa ubaya, Mungu ni shahidi."

Naserian akaacha kufunga shuka.

"Ukiitoa, na yeye atatoka?"

"Hatoki, mama."

Akakaa, lakini pembe ya kompyuta hakuiachia. Kornelio alitumia mtandao wa simu yake, akaondoa ile programu, akaweka nyingine, akazima mashine. Kioo kilipokuwa cheusi, Naserian alibana pumzi mpaka kikawaka tena. Kisha Kornelio akafungua video.

"Yeyo, takwenya!"

Sauti ilikuwa safi, sauti yake hasa, kama amesimama mlangoni. Halafu akanyamaza, akatazama mbele akitabasamu.

Naserian akashika mdomo. Kwa Wamasai, mwanamke akisalimiwa "takwenya" huitika "iko". Hakuna mama anayesalimiwa na mwanawe akanyamaza, labda awe amemkana. Lekoko hakuwa amesahau la kusema. Alikuwa anasubiri aitikiwe. Alimwachia mama yake nafasi ya kujibu, kisha akacheka.

"Haya, nimekusikia," alisema kwa Kimasai. "Nakuja nyumbani."

Miezi yote ile amekuwa akimsalimia, na mama yake amekaa mbele yake kimya, akimwonea huruma. Uchungu ulimpanda Naserian upya, mbichi kuliko wa siku ya mazishi.

"Iko," akasema. Lakini alikuwa amechelewa. Lekoko alishaanza kuulizia mtamba wake, kama amezaa.

"Rudisha," Naserian alimwambia fundi. "Rudisha nyuma."

Kornelio akarudisha.

"Yeyo, takwenya!"

Naserian alifungua mdomo. Kilio kikamwahi, neno halikutoka.

"Haya, nimekusikia," akasema Lekoko.

"Rudisha," akasema mama yake.