Waliomcheka Ciakuthii

Ciakuthii alikuwa kwenye foleni ya kusaga mahindi, pale sokoni Kibirichia, vijana wawili waliokaa juu ya magunia walipoanza kucheka wakiziba midomo. Mmoja akabana sauti ikawa ya kizee: "Wewe dada, mwambie Mbaka mama yake bado yuko hai!"

Hayo yalikuwa maneno yake mwenyewe. Aliyasema Jumapili, nyumbani kwake, jikoni mwake.

Mwenye kinu ndiye aliyemwonyesha video, akiona haya. Ciakuthii akajiona: kitambaa kimelegea kichwani, anampigia mwanawe Mbaka, mwalimu huko Karurumo, na ile sauti ya kike ya simu inamjibu kuwa mteja hapatikani. Naye anaijibu, anaituma kwa Mbaka kama mtu anayemtuma jirani. Chini yake maelfu ya watu walikuwa wamecheka.

Hakungoja unga. Aliacha gunia lake kwenye foleni akapanda mlima kurudi nyumbani, na umri wake wa miaka sabini na minne, bila kupumzika popote.

Mjukuu wake Igoki, binti wa miaka ishirini na mitatu aliyemlea tangu mama yake afariki, alikuwa ghalani akichagua viazi vya mbegu.

"Ulinirekodi," Ciakuthii alisema mlangoni, akihema.

Igoki akatabasamu. "Kumbe umeiona! Shosho, watu wamekupenda sana."

"Wananicheka."

"Wanacheka kwa mapenzi. Ni vile tu hukujua ile ni mashine..."

"Sikujua?" Ciakuthii aliingia ndani. "Nilikuwa karani wa ushirika wa maziwa kabla mama yako hajazaliwa. Nilipokea simu miaka kumi na tisa. Mashine naijua! Niliongea nayo kwa sababu wewe ulikuwa umekaa hatua mbili kutoka kwangu na hukuniuliza namtafuta nani, wala kwa nini. Kumbe ulikuwa unangoja niongeze!"

Tabasamu la Igoki likafutika. Alirudisha kiazi guniani.

"Nimekosa, shosho. Nitaifuta," alisema. Kisha akainua uso, na sauti ikabadilika. "Lakini na wewe ulinifanyia hivyo hivyo."

"Mimi?"

"Gitobu aliponiacha nilikwambia wewe peke yako. Alhamisi ukasimama kwa maombi ya akina mama ukawaambia wote. Marcella, mmoja wao, alinishika mkono dukani, mbele ya watu, akaniambia nisijiue kwa sababu ya mwanaume. Sikuwa hata nimewaza kujiua!"

"Nilikuombea!"

"Ulinitangaza."

"Usilinganishe kumwita Mungu na kuchekesha wahuni! Sisi tulilelewa hivyo. Mtu akiumia, kijiji kinajua, kijiji kinambeba."

"Mimi sikutaka kubebwa. Nilitaka kulia peke yangu."

Ciakuthii alizidi kukasirika. Simu yake ikaita. Ilikuwa Mbaka. Aliiweka kwenye spika, kama kawaida yake, kwa kuwa sikio lake moja halikuwa zima.

"Mama, mnanifanyia nini?" Mbaka alifoka. "Wanafunzi wanakuigiza darasani. Walimu wenzangu wananiuliza kama nimekutupa!"

"Ulikuwa wapi siku nne?"

"Kazi ni nyingi, mama. Na simu ilikuwa na shida. Mwambie huyo msichana aifute hiyo kitu leo."

"Leo simu imepona?"

Mbaka akaanza tena habari za kazi.

"Jumapili ilikuwa mwaka mmoja tangu tumzike baba yako," Ciakuthii alimkatiza. "Nilipika wali. Nilikungoja tuombe pamoja kaburini. Wewe unaona aibu ya kuchekwa. Aibu ya kusahau huioni?"

Akakata simu. Igoki alikuwa ameketi sakafuni, mkono mdomoni. Jumapili alikula ule wali, akauliza kama kuna mgeni anayekuja.

"Nilisahau, shosho."

"Najua ulisahau."

Hakumkumbatia. Igoki alifuta video mbele yake, kisha akashuka sokoni kuchukua unga. Alirudi macho mekundu. Wale vijana walikuwa bado wanaigiza, na watu wengine walikuwa wameshainakili video, wanarushiana. Iliendelea kutembea wiki nzima.

Alhamisi kwenye maombi, Marcella alifumba macho akaanza, "Bwana, mkumbuke binti yetu Igoki, umponye moyo..."

"Igoki hajaomba kuombewa," Ciakuthii alisema kwa sauti. "Mwulizeni yeye kwanza."

Akina mama wakafumbua macho. Marcella alichukia, akaondoka bila kunywa chai. Ciakuthii hakumfuata. Njiani alijiuliza kama amemkosea Mungu, akaona labda, lakini hakutaka kuyarudisha maneno yale.

Jumamosi Mbaka alifika na mkate na sukari, bado analalamika jinsi alivyoaibishwa. Mama yake alimwacha amalize, akampa jembe, akamwonyesha upande wa kaburi. Igoki alikuwa ameshaanza kupalilia tangu asubuhi. Hakumsalimia mjomba wake mpaka Mbaka naye alipoinama na kung'oa magugu.