Magurudumu Aliyosuka Masikio

Binti aliingia na baiskeli begani. Hakuisukuma, aliibeba nzima nzima kama mtu aliyebeba mgonjwa, na kiwiko chake cha kulia kilikuwa kimefungwa bendeji.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nani amekuangusha?"

"Mteremko. Gurudumu la mbele lilianza kucheza, mara likajikunja, mara nikajikuta nimelala na mkoba wa dawa kichwani."

"Na breki?"

"Breki nzima. Mimi ndiye mbovu." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Shangazi, baba asijue."

Mama Mgomo alisogeza vikombe mezani, akaifungua baiskeli, akatoa magurudumu yote mawili. Karakana yake ilikuwa sebule ya nyumba: kochi upande mmoja, na upande wa pili meza yenye uma wa baiskeli uliogeuzwa juu chini na kubanwa kwa boliti. Hapo ndipo aliponyooshea magurudumu ya mtaa mzima. Alilipachika la mbele, akashika kipande cha chaki karibu na ringi, akalizungusha. Chaki iligusa, ikaacha, ikagusa tena kwa nguvu. Gurudumu lilikwenda kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake.

Binti alikuwa muuguzi wa kuzungukia wagonjwa majumbani, wale wasioweza kutoka kitandani. Njia yake ilikuwa milima mitupu, na kesho yake asubuhi kulikuwa na vidonda vinavyomsubiri. Baiskeli hii alisukiwa na baba yake kabla mvua hazijaanza. Magurudumu hasa, spoku kwa spoku, maana fremu ilikuwa ya zamani. Mzee alikuwa amejifungia chumbani siku kadhaa, hataki mtu, hataki chai, na alipotoka nayo uso ulikuwa unameremeta. Kila jioni binti akirudi, mzee huinama na kuyapapasa magurudumu yale, pamoja na vifundo vya waya alivyofungia spoku, kabla hata ya kumuuliza mwanawe ameshindaje.

"Alisema nini siku ile?" Mama Mgomo aliuliza, ingawa alijua.

"Alisema haya ndiyo ya mwisho. Alisema atakayeyafumua amemfumua yeye."

"Naam. Nenda kazini. Nenda kwa miguu leo. Niachie."

Binti alipofika mlangoni akageuka. "Halafu shangazi, kichwa cha pampu hakiingii kwenye hayo magurudumu. Huwa natumia kale kampira kembamba ka kuunganishia. Nilidhani ndiyo mtindo wa siku hizi."

Alipoondoka, Mama Mgomo aliketi akitazama gurudumu bila kuligusa. Kaka yake aliitwa Masikio tangu ujana, na si kwa utani mbaya. Kiwandani, wengine walipohitaji vipimo, yeye alipiga spoku kwa ukucha, akasikiliza, akasema, "Hii imelegea, hii inalia sana." Ringi zote zilizotoka pale zikiwa zimenyooka, zilipita sikioni kwake. Na kiwanda kilimlipa vipi? Kilimweka chumba kimoja na mashine ya kukunja ringi, ile iliyokuwa ikipiga chuma mchana kutwa hadi ukitoka nje unaona watu wanafungua midomo tu. Walipoomba vya kuziba masikio, meneja alisema pamba imejaa madukani. Mama Mgomo anakumbuka shati alilovaa meneja siku ile. Anakumbuka alikuwa anakula njugu.

Masikio yake yalipoanza kufa, wakamhamishia meza yake ya kusukia kwenye chumba cha rangi, kwa huruma, walisema. Chumba hakina dirisha, mlango unafungwa ili vumbi lisinate kwenye rangi mbichi. Kwa harufu ya rangi, watu walitoka mle wakicheka bila sababu, wengine wakisahau njia ya nyumbani. Ndipo Mama Mgomo alipolipata jina lake. Yeye naye alikuwa mfanyakazi pale, akawagomesha wote, wakasimama getini. Msimamizi akaja na kreti za soda na maneno matamu, akawavisha kilemba cha ukoka mmoja mmoja, ninyi ndio nguzo, ninyi ndio familia, na kufikia mchana waliobaki getini wangetosha kukaa kwenye benchi moja. Kaka yake hakuwa miongoni mwao. Alikuwa amerudi ndani. "Nikiondoka, nani atasuka?" alisema. Kiwanda kilipofungwa hawakumpa hata mkono wa kwaheri. Leo jengo lile ni ghala la magodoro.

Mama Mgomo hakuwahi kumsamehe meneja, wala hakuona sababu ya kumsamehe. Kwa kaka yake hakuwa na lawama. Huwezi kumlaumu mtu kwa kupenda kazi.

Akaanza kupiga spoku kwa ukucha. Moja ililia juu, ya jirani yake ikatoa sauti kama kijiko kwenye ndoo. Sawa. Hilo alilitarajia, mtu asiyesikia atajuaje? Hilo ni la kukaza na kulegeza tu kwa ufunguo, nusu mzunguko hapa, robo pale, na mzee asingejua kamwe. Kwa muda moyo wake ulitulia. Akavua tairi na mpira wa ndani ili aanze.

Kisha akatia kidole gumba kwenye tundu la valvu.

Hakikupita.

Somo la kwanza kabisa. Siku aliyomleta kiwandani, akiwa msichana wa nywele za matuta mawili matatu, kaka yake alimshika gumba akalipachika kati ya spoku mbili pembeni mwa tundu lile. "Hapa lazima pawe na nafasi. Mtu atapitisha kichwa cha pampu hapa. Gumba likikwama, umeanzia shimo silo. Usinyooshe, usibembeleze. Fumua." Wote aliowafundisha waliwahi kukosea hapo mara moja, wakatukanwa, wakakoma. Na hapa tundu lilikuwa limebanwa katikati ya spoku zinazopishana, kama mtu aliyekwama mlangoni. La nyuma vilevile.

Haya hayakuwa masikio tena.

Aliinua gurudumu dirishani, akaangalia spoku upande wa ringi. Ndefu zilichanganywa na fupi. Zile fupi zilishika vifungo vyake vya kukazia kwa meno mawili tu ya skrubu, nyingine kwa moja. Hizo huzikazi, ukizivuta zinachomoka. Ndizo zilizomwangusha binti, na angeteremka kesho zingemwangusha mahali pabaya zaidi, kwenye daraja au mbele ya lori.

Kwa hiyo njia zilikuwa hizi. Afumue yote na kusuka upya kwa spoku zinazolingana, na kaka yake apapase jioni, akose vile vifundo vya waya mwembamba alivyofunga kila spoku zinapokutana, ajue. Au aviige vifundo vile, vya mkono wa kushoto, vilivyovutwa mara tatu, na amdanganye mtu aliyemlea. Au amkalishe amwambie: kaka, kichwa kimekwenda. Aliijaribu sentensi hiyo kwa sauti, peke yake sebuleni.

"Unaongea na nani?"

Masikio alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, akitazama midomo yake. Alikuja kila siku baada ya chakula cha mchana, kuketi kwenye kochi na kukosoa.

"NINAONGEA PEKE YANGU, KAKA."

"Usinipigie kelele, nasikia." Akaketi, akainuka, akaja mezani. "Hili la nani?"

Mama Mgomo alitazama uso wake, akisubiri utani. Haukuwepo.

"La mteja," alisema, kisha akarudia kwa nguvu.

Mzee aliinama. Mikono yake ilikuwa bado mizuri, mipana, yenye kucha ngumu. Ilizunguka ringi polepole, ikafika kwenye tundu la valvu, na gumba likaingia lenyewe, kama mtu anayeingia chumbani kwake gizani. Likakwama.

Akanyanyua kichwa. "Upuuzi gani huu? Gumba halipiti!" Akageuza gurudumu, akaangalia spoku. "Na hizi! Ndefu na fupi kitanda kimoja! Unataka kuua mtu? Nani amesuka takataka hii?"

Gari lilipita nje, dirisha likatetemeka, likanyamaza.

"Mimi, kaka."

"Wewe!"

"Mimi."

"Nilikufundisha nini? Eh? Nilikushika gumba hili hili!" Alikuwa anagonga meza kwa gumba, na ndani ya hasira hiyo kulikuwa na kitu ambacho Mama Mgomo hakukiona kwake kwa muda mrefu: alikuwa mzima. Alikuwa fundi mkuu, sauti imejaa chumba. "Kusimama getini kupiga domo unajua, kazi huijui! Fumua. Zote. Usinibakishie hata moja."

Mama Mgomo akachukua ufunguo. Akalegeza spoku ya kwanza, ya pili, vifungo vikianguka kwenye kopo la chuma. Vile vifundo vya waya alivikata kwa koleo kimoja kimoja, na kaka yake aliviona vikikatwa, akasema tu, "Na nani anafunga hivi? Ushamba."

Ringi ilibaki tupu, habu ya katikati mezani. Masikio alirudi kwenye kochi, amechoka, ameridhika.

"Ungeona niliyomsukia binti yangu," alisema. "Yale ndiyo magurudumu. Yako wapi leo?"

"Ameenda nayo kazini."

"Yanakwendaje?"

"Yanakwenda vizuri, kaka."

Mzee hakusikia, au alisikia. Alikuwa anamtazama. Mama Mgomo, nywele zake zote nyeupe, aliinamia habu kutafuta shimo la kuanzia, na shimo halikuonekana vizuri.

"Sasa unalia nini?" kaka yake alisema, kwa upole aliokuwa nao zamani. "Nimekukaripia tu kidogo. Usilie. Utajua. Bado mdogo wewe."