Kisosi cha Askari

Msiniambie habari za kusamehe. Padri wetu ameshaniambia mara ngapi sijui, nami humwitikia "ndiyo, Padri", kisha narudi nyumbani na hasira yangu ikiwa nzima vilevile. Kapteni Abdu alimchukua bwana wangu kwa sababu ya suruali. Suruali! Ngojeni niwaeleze, halafu mniambie nyinyi mngefanyaje.

Bwana wangu aliitwa Valère, fundi cherehani, mtu wa Bukavu kama mimi. Tulikuwa na kibanda mtaani Kasubi na mashine moja, na wateja wetu wengi walikuwa wanajeshi, kwa kuwa Valère alijua kukata nguo ikakaa mwilini. Mwaka wa sabini na nne Kapteni Abdu akaleta kitambaa cha suruali ya gwaride. Valère akampima, akashona, akamaliza. Kapteni akakaa miezi miwili bila kuja kuichukua, na miezi hiyo yote alikuwa anakula. Jamani, alikula yule mtu! Siku ya gwaride akainama kuokota fimbo yake, suruali ikapasuka nyuma mbele ya kikosi kizima, na vijana wakacheka. Kesho yake saa nne asubuhi akaja Kasubi na gari, akamwamuru Valère aingie kwenye buti. Valère alikuwa bado na futi ya kupimia shingoni.

Siku ya tatu nilipika wali na maharage, nikafunga sufuria kwa kitambaa, nikaenda nayo gerezani Luzira. Wakasema hawamjui mtu huyo. Nikapanda na sufuria yangu mpaka Kololo, nyumbani kwa Kapteni. Alikuwa amesimama barazani, na mke wake Nasike nyuma yake. Kapteni hakuniangalia usoni kabisa, aliangalia sufuria. Akasema, "Wewe mama, rudi nyumbani, pika. Akisikia njaa atakuja." Nasike akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo tu, cha puani, lakini nilikisikia.

Valère hakuja. Mpaka leo sijui walimlaza wapi.

Miezi minane ikapita. Jirani yangu Laker, aliyekuwa akifulia nguo nyumba za maofisa, akaniambia kwamba kwa Kapteni hakuna mpishi. Mpishi wao Okot amevunjwa mkono. Nikauliza kisa ni nini. Laker akashusha sauti: "Paka alikataa mchuzi wake." Nikadhani ananitania. Kumbe ni kweli. Siku chache kabla ya hapo, ofisa mmoja, rafiki wa Kapteni, alikuwa amekunywa supu kwenye sherehe akafa palepale, na tangu siku hiyo Kapteni hakutia kitu kinywani kabla paka wake hajakionja.

Nilikwenda kuomba kazi. Nilikwenda na dawa ya panya nimeifunga kwenye pindo la kitenge, siwafichi. Nasike akaniuliza kama najua kupika pilau, nikamwambia najua, akaniajiri. Hakunikumbuka. Kapteni naye hata jina langu hakuuliza, akaniita Mama Zaire, basi.

Sasa huyo paka. Ile nyumba ilikuwa ya Wahindi waliofukuzwa mwaka wa sabini na mbili. Waliacha vitanda, redio, paka, na katoni mbili za mikebe ya chakula cha paka yenye picha ya paka anayecheka. Kapteni akamwita paka Askari. Na Askari alikuwa na maringo, Mungu wangu! Kitu chochote chenye majimaji hakigusi. Ukimfungulia mkebe, ananusa, anakung'uta mguu kama aliyekanyaga tope, anaondoka. Mchuzi hataki, maziwa hataki, samaki wa kupikwa hataki. Alikula vitu vikavu tu. Lakini Kapteni hakulijua hilo, maana si yeye aliyekuwa akimlisha. Yeye alijua jambo moja: paka akikataa, kuna sumu.

Siku ya kwanza nilipika nyama ya ng'ombe na nyanya. Kapteni akachota kidogo kutoka kwenye sahani yake mwenyewe, akatia kwenye kisosi chenye maua ya buluu, akakiweka sakafuni. Askari akaja, akanusa, akageuka. Kapteni akaweka mkono kwenye bastola.

"Mama Zaire, umetia nini hapa?"

"Hakuna kitu, afande. Nipe nile mimi, uone."

"Wewe unaweza kuwa umekunywa dawa ya kuzuia. Paka hajui kudanganya."

Nikapiga magoti. Nikakishika kile kisosi kwa mikono miwili nikimbembeleza paka, "Kula baba, kula mwanangu, usiniue." Basi Askari akanisogelea, akaanza kulamba vidole vyangu. Akalamba kimoja kimoja. Kisha akalamba ukingo wa kisosi nilipokishika, akaendelea mpaka kwenye mchuzi, akaumaliza. Kapteni akatoa mkono kwenye bastola, akaanza kula.

Nilikwenda jikoni nikakaa chini, nikanusa vidole vyangu. Dagaa! Mchana nilikuwa nimekula chakula changu nilichotoka nacho Kasubi, unga wa dagaa wakavu, wale wadogo ambao kwetu tunawaita sambaza na watu wa huku wanawaita mukene. Vidole vilikuwa bado na unga. Kumbe ugonjwa wa yule paka ulikuwa ni huo.

Kuanzia hapo nilisaga mukene kwenye jiwe mpaka unga ukawa laini kama poda, na kila mlo nilikipaka kile kisosi unga kidogo ambao jicho halioni. Askari akawa anakula mchuzi kama aliyelipwa. Kapteni akanisifu mbele ya wageni: "Tangu Mama Zaire amekuja, Askari hajakataa hata siku moja." Dawa ya panya niliitupa chooni. Haikuwa na kazi, kwa sababu paka angekufa mbele yake naye angeona. Tena nilishaanza kuona kwamba kuna kitu bora zaidi.

Lakini kwanza nilijiburudisha. Nyama ilipoadimika mjini, nilifungua ile mikebe ya paka. Nikaikaanga kwa vitunguu, bizari na pilipili nyingi, nikamwandalia Kapteni na chapati. Kisosi nikakipaka unga kama kawaida. Askari, aliyekuwa akikidharau chakula hicho tangu enzi za Wahindi, akala. Kapteni akala akalamba vidole. "Hii nyama umetoa wapi?" Nikamwambia, "Kuna mtu ananipatia, afande." Akasema nimletee tena! Nikamlisha katoni zote mbili, mkebe kwa mkebe, na kila usiku nilipolala nilimwambia Valère kimoyomoyo, leo tena amekula cha paka. Nilicheka peke yangu Kasubi mpaka Laker akagonga ukuta.

Ila kicheko hakikunitosha. Valère alikuwa amelala pasipojulikana.

Basi Kanali akatangaza kwamba atakuja kula kwa Kapteni siku ya Ijumaa. Jina la Kanali huyo silitaji hata leo, ni mazoea ya woga wa siku zile. Alikuwa na desturi yake iliyojulikana na maofisa wote: akija kwako, anakuja na mbuzi wake mwenyewe, anachinjwa uani kwako, mpishi wako anampika, na wewe mwenye nyumba unaanza kula mbele ya watu. Ukila, wewe ni mtu wake. Waliosita kula sikuwahi kusikia habari zao tena.

Asubuhi ya Ijumaa Nasike alihangaika nyumba nzima. Alitaka vyombo ving'ae. Sabuni mwaka ule ilikuwa haipatikani, lakini yeye alikuwa na kipande amekifungia kabatini. Akakitoa, akanipa kwa mkono wake.

"Osha kila kitu, Mama Zaire. Kila kitu, usiache hata kijiko."

"Hata kisosi cha paka, Mama?"

"Hata hicho. Kanali asije akaona uchafu."

Nikaosha. Sijawahi kuosha chombo kwa upendo namna ile. Nilikisugua kile kisosi kwa sabuni mara tatu, nikakisuuza, nikakinusa, nikakisuuza tena. Kisha nikamwita Askari nyuma ya jiko, nikamwekea mukene wakavu kiganja kizima, akala mpaka tumbo likaning'inia.

Baada ya sala ya Ijumaa wakaja. Mbuzi nilimpika vizuri, haki ya Mungu, mchuzi mzito na viazi. Hapakuwa na ubaya wowote ndani ya sufuria ile. Wageni wakakaa, Kanali kichwani pa meza, na mimi nikasimama mlangoni na jagi la maji. Kapteni akatabasamu, akanyofoa kipande cha nyama, akakidondosha taratibu kwenye kisosi kilichokuwa chini ya kiti chake. Askari akaja kwa uvivu. Akanusa. Akakung'uta mguu, akaenda kulala mlangoni, karibu na miguu yangu.

Uso wa Kapteni ulibadilika rangi. Akamtazama paka, akaitazama nyama, akamtazama Kanali. Mkono wake ulikuwa umeshika tonge hewani.

"Abdu," Kanali akasema, "tunangoja wewe."

"Ndiyo, afande."

"Mbona huli?"

Akalipeleka tonge mdomoni. Likaingia, likakaa shavuni, halikumezeka. Jasho likamtiririka mpaka kwenye kola. Ghafla akaigeukia pembe ya chumba akalitema tonge. Kanali akainama, akachungulia chini ya kiti, akakiona kile kisosi na kipande cha nyama yake, kimelala pale bila kuguswa.

"Nyama yangu unaipima kwa paka," akasema polepole. Akachota kwenye sahani ya Kapteni, akala yeye mwenyewe, akatafuna, akameza. Akaniangalia. "Mama, umepika vizuri." Kisha akanawa mikono, akawaaga wote kwa adabu, akaondoka na watu wake.

Jumatatu saa nne asubuhi gari lisilo na namba likaingia uani na watu wa Kanali ndani yake. Kapteni akaomba akae kiti cha mbele. Wakamfungulia buti. Nilikuwa nachambua mchele barazani, na niliona vizuri jinsi alivyokunja magoti yake ili aenee. Niliona raha. Raha kabisa, na sioni aibu kusema. Nilisema kwa sauti, "Valère, umeona?" lakini injini ilikuwa inanguruma, hakuna aliyesikia.

Siku ya tatu Nasike akaingia jikoni, macho yamevimba. Akaniomba nipike wali na maharage ampelekee mumewe. Nilipika. Akafunga sufuria kwa kitambaa, akaibeba. Jioni akarudi nayo, bado imejaa. Akaiweka mezani, akakaa kwenye kigoda changu, yeye bibi wa nyumba.

"Wanasema hawamjui," akasema. "Nimezunguka kote. Mama Zaire, unafikiri atarudi?"

Ningeweza kunyamaza. Labda ningemwambia nimemwombea. Nilivua aproni, nikaikunja, nikaiweka juu ya ile sufuria.

"Pika, Mama," nikamwambia. "Akisikia njaa atakuja."

Aliinua kichwa. Akaniangalia usoni, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi pale, kisha akaangalia sufuria, kisha tena usoni. Alikuwa amenikumbuka.

Nikamwekea Askari mukene waliobaki, sakafuni, maana kisosi nilikitia kikapuni mwangu. Nikatoka getini, nikashika njia ya Kasubi.